Fungu ya Marehemu

Baraka, Jumamosi, siku ya Posho

Kwako Baba Placide,

Salamu nyingi kutoka kwa mutoto yako Divine. Habari ya Misisi na vumbi yake? Magoti inaendeleaje? Na Espérance, mutoto yako, anakulisha vizuri ao anakunyima samaki? Sisi huku tuko bazima, mama anakusalimia sana. Ni mi tu kichwa inanizunguka, na sababu ni we, Baba, hata kama haujui.

Unajua niko assistant kwa institut hapa Baraka. Professeur Wilfried alinipa kazi ya kutayarisha makala kwa revue moja ya chuo kikuu. Si kazi ya kwenda kuuliza bantu. Ni kusoma yote yenye bengine baliandika juu ya bavuvi ba ziwa yetu, kulinganisha, kisha kusema kitu gani inajulikana na kitu gani bado. Nilifikiri ni kazi ya kukaa tu kwa kiti. Kumbe!

Makala yote nilisoma inasema jambo moja: kule kwetu Swima, ekipe za bavuvi ziliacha zamani kumutolea mujane fungu ya bwana yake mwenye alizama. Eti desturi imekufa. Nilikasirika sana! Mi niliyekula fungu hiyo tangu baba alizama mpaka nikapata diplome? Kila mara mutumbwi inarudi, we ulikuja na beseni ya ndakala, zile samaki ndogo, unasema benzako ba ekipe bamekutuma. Nilimuambia professeur mbele ya bote kwamba bale baandishi banaongopa. Akanijibu kwa upole kwamba katika kazi hii tumbo yangu si maandishi, nitafute mwenye aliandika kinyume. Nilitafuta, wapi! Hakuna.

Basi nikaenda kwa mama, nikamuomba aniambie ekipe ilitoa fungu mpaka mwaka gani. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema ekipe ilitoa musimu moja tu, bakagombana, bakaacha. Ile ingine yote, we Baba ulikuwa unaikata kwa fungu yako mwenyewe. Bibi yako, mwenye ulioa, ndiye alimuambia mama, wakati sisi tulikuwa tumeshakuwa bakubwa, akamuapisha anyamaze.

Haki ya Mungu, sijui nifikiri nini. Bale baandishi balisema kweli, na mi pia sikuongopa. Desturi yenye muntu mumoja anaishika peke yake, tena kwa kujificha, iko hai ao imekufa? Nilikaa mbele ya ordinateur, naandika, nafuta. Na batoto yako, Baba, balikuwa banakula nini?

Nikuambie ukweli: ile sentensi nimeiacha vile iko. Desturi imekufa. Asubui hii nimetuma makala, kisha nikalia mpaka bantu ba bureau bakauliza nani amekufa.

Unakumbuka mama alitukataza kukuambia aksanti. Fungu ya marehemu haishukuriwe, ni haki ya nyumba yake. Kushukuru ni kumutukana. Tulipokea beseni, tukafunga mulango, miaka yote ile. Lakini kumbe haikukuwa fungu ya baba.

Motard mwenye anakuletea barua hii na pikipiki anaitwa Dany, mupe jibu arudi nayo. Musalimie Espérance na batoto, Mungu akulindie magoti.

Aksanti, Baba Placide.

Mutoto yako,
Divine Mutambo