Salamu za Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Bi Tiki yupo tena hapa kituo cha afya. Wiki ya pili hii. Anakaa benchi la ukutani na karatasi yake, kila kijana anayeingia anamtilia tiki. Ni mtafiti kutoka chuo kikuu – raba nyeupe, sauti ndogo. Anataka kujua kwa nini chumba cha vijana hakina vijana. Chumba chenyewe kiko mwisho wa korido: rangi mpya, runinga, kondomu za bure kwenye bakuli, na nesi aliyesomea uzazi wa mpango na magonjwa ya zinaa. Nesi anafuma soksi humo siku nzima. Mjukuu wake atakuwa na jozi ishirini, na miguu ni miwili tu.

Nimemwambia Bi Tiki ni aibu tu. Vijana wa siku hizi kwenye simu ni simba, ana kwa ana ni kuku waliolowa. Akaandika. Nilifurahi kuandikwa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzuri dirishani. Nimeandikisha wagonjwa sitini na wawili kabla ya saa sita. Kaja kijana mmoja mrefu, nikamjua kwa masikio – mtoto wa fundi cherehani! Nikamuuliza, baba hajambo, mguu umepona? Akasema alipita kuuliza saa. Nikamwambia saa nne na robo, akashukuru, akaenda zake. Na saa ya ukutani iko juu ya kichwa changu, kubwa kama sinia.

Wenzangu wananiita Redio. Sijali. Miaka kumi na minne kwenye dirisha la mapokezi, hakuna aliyepita bila kusalimiwa, yeye na ukoo wake. Mgonjwa akisalimiwa vizuri nusu ya homa inashuka.

Jumatano, 12 Machi

Bi Tiki ametusomea matokeo. Chumba cha mikutano, chai, feni inayolia. Vijana arobaini na mmoja waliingia mlangoni. Tisa walifika chumba cha vijana. Wengine wote waliishia mahali pamoja, wakageuka. Akachora korido ubaoni, akatia msalaba.

Dirishani.

Kisha akasoma maneno ya vijana wenyewe, bila majina. Mmoja alisema yule mama hana ubaya, ni mkarimu sana, na tatizo ndilo hilo. Msichana mmoja alisema nilimpa salamu ampelekee mama yake. Sasa salamu hizo angezifikishaje? Aseme amezitoa wapi?

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikachelewa kidogo. Hakunitaja, lakini dirisha ni moja. Baadaye nimelia chooni dakika mbili, nikanawa, nikarudi kazini.

Alhamisi, 13 Machi

Mganga mkuu kaniita. Kwa upole, ndiyo mbaya zaidi. Anataka kunihamishia masjala, kule nyuma. Mafaili! Faili utaliuliza mama yake hajambo?

Nikaomba wiki moja tu ya kujaribu. Bi Tiki akanitetea: alisema kosa si la mtu, ni la utaratibu. Vijana wapewe vibao vya namba – hakuna jina, hakuna mtoto wa nani – halafu atahesabu upya. Jana nilitamani kumtilia chumvi kwenye chai. Leo nimemgawia karanga zangu.

Jumatatu, 17 Machi

"Karibu. Shika namba. Mlango wa mwisho kulia." Ndiyo maneno yote ninayoruhusiwa. Ulimi unaniwasha. Kaja binti wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nikajiuma – kujiuma kweli, imebidi nesi anipe maji ya chumvi nisukutue.

Vijana wanne chumbani. Nesi analalamika soksi imesimama kisiginoni.

Jumatano, 19 Machi

Saba! Mtoto wa fundi cherehani karudi. Hakuuliza saa.

Ijumaa, 21 Machi

Saa tano. Nimeinama naandika, mkono ukaja dirishani. Niliujua kabla ya kuona uso – kovu la pasi, nilikuwepo alipoungua. Binti wa dada yangu. Miaka kumi na saba, sare ya shule imefichwa chini ya sweta.

Hakuniamkia. Tangu ajue kusema hajawahi kunipita bila shikamoo. Alisema tu, "Naomba namba." Hata sauti haikuwa yake.

Mimi ni mama yake mdogo. Nimembeba mgongoni mimi. Maswali yalinipanda kooni yote kwa pamoja, yakasukumana. Nikasema, "Karibu. Shika namba. Mlango wa mwisho kulia."

Akakaa humo dakika hamsini. Nesi alipopita na kikombe nikamtazama, akatazama dari. Ni haki yake. Mtoto alipotoka alinitazama mara moja, na hakukimbia. Nimeogopa. Nimejivuna pia, sijui kwa nini. Bi Tiki akatia tiki yake kama kawaida.

Jumamosi, 22 Machi

Saa kumi alasiri. Dada yuko sebuleni. Hakupiga simu kwanza, kaingia tu. Mwenzake wa kazini alimwona binti yake jana akitoka getini pale kazini kwangu, saa za masomo.

"Wewe hapiti mtu usimwone," akaniambia. "Mwanangu alifuata nini pale?"

Nikasema ngoja nilete chai. Hataki chai. Dada yangu kukataa chai, basi mambo ni mazito. Nikasema ngoja nitafute miwani, nikaingia chumbani, nimekaa kitandani naandika.

Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Sijawahi kumficha kitu, hata nilipotaka. Nikisema sikumwona, ni uongo. Nikisema nilimwona, yule mtoto hatakanyaga tena pale, na siku ya shida ataenda wapi? Nikisema hairuhusiwi kusema, nimeshasema.

Hata mimi sijui alifuata nini. Hilo angalau ni kweli, lakini silo aliloniuliza.

Anaita. Anauliza hiyo miwani naitafuta mpaka lini. Ninayo usoni, ndiyo ninayoandikia.