Kocha, Bado Mmoja

Kwako Kocha, uliyezoea kutungoja langoni,

Siku ya mazishi yako sikupata nafasi ya kusema. Simlaumu mtu. Wasemaji walikuwa wengi: mchungaji, chifu, wazee wenzako wa jeshi waliokuja na kofia zao zilizopigwa pasi, na wale wasichana wako waliokuletea vikombe, ambao Keringet nzima inawajua kwa majina. Mwenye kuongoza shughuli alitazama saa, akatazama mawingu, akasema wengine watusamehe. Na mimi ni nani wa kushika maikrofoni niseme nilikuwa mkimbiaji wako? Watu wangecheka. Hata wewe ungecheka kidogo, ukijificha nyuma ya ile kofia. Kwa hiyo nimekaa chumbani kwangu hapa Karagita, Naivasha, mvua inapiga mabati, nikaona niyaandike yale ambayo ningeyasema. Watu wayasome, na wewe kama kuna njia uyasikie.

Nianze na asubuhi. Unakumbuka ile baridi ya shuleni, ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi mpaka ng'ombe anasikika tu, haonekani? Ulikuwa unatutoa bwenini kabla ya kengele, tumevaa sweta juu ya nguo za mbio, unatupanga mstari na kutuhesabu kwa kidole kama tunapanda lori la jeshi. Tulishuka hadi mtoni, tukapanda kilima, tukazunguka kanisa, tukarudi. Wewe hukukimbia nasi kwa sababu ya mguu wako. Ulibaki langoni na sufuria ya chai ya maziwa aliyokuwa akiipika mkeo, Mama Chelagat, imefunikwa sinia na jiwe juu yake. Jiwe hilo halikuondolewa mpaka mtu wa mwisho aingie.

Mtu wa mwisho nilikuwa mimi. Siku zote mimi.

Wa kwanza alikuwa Cherono. Aliingia langoni hana hata jasho, macho yote kwenye sufuria. Wewe ulikuwa unatazama barabara. "Bado mmoja," unasema, na Cherono anageuka, anarudi kunifuata. Ndiyo ilikuwa sheria yako, nami sijaisikia kwa kocha mwingine yeyote: aliyefika kwanza ndiye anayemrudia wa mwisho. Tena akimfikia haruhusiwi kumvuta mkono wala kumtangulia. Anapita nyuma yake, anakimbia nyuma yake mpaka langoni, ili yule wa mwisho asiwe wa mwisho. Nilisikia pumzi za Cherono mgongoni mwangu kwa miaka minne. Mwanzoni alinichukia, na hakuficha. "Kawia, kwani umebeba mawe?" aliniuliza. Kawia ndilo jina walilonipa wasichana, kutokana na ule msemo wa kawia ufike. Hadi leo nikienda Keringet, akina mama sokoni wananiita Kawia, na watoto wao wanadhani ndilo jina nililobatizwa, si Chepkoech.

Siku za soko Mama Chelagat alikuwa akienda kuuza mboga, na wewe ulikuja uwanjani umembeba Chelagat mgongoni kwa leso. Mwanajeshi mzima, mabega kama mlango, umefunga mtoto kwa leso ya maua! Wanaume walisimama kwenye ua kukutazama. Mmoja alikuita, "Afande, siku hizi umekuwa yaya?" Ukamjibu bila kugeuka, "Boss, nimebeba bunduki miaka mingi. Hii ni nyepesi, na inacheka." Tulicheka mpaka tukashindwa kukimbia. Jioni ilipofika, mashindano yawe kesho au yasiwe, uliondoka kwenda kukamua ng'ombe. Mwalimu mkuu alikulalamikia kwamba kocha wa shule jirani hukaa uwanjani mpaka giza. Ulimwambia kwamba yule hana mtu wa kumngoja nyumbani, na wewe unaye. Sisi tuliokuwa na baba zetu wa kelele na pombe tulikuona, na kila mmoja alijiapia kimoyomoyo kwamba akiolewa ataolewa na mtu wa namna hiyo. Wengine wamebahatika. Mimi bado nangoja, kama kawaida yangu.

Kidato cha tatu nilikuja kukurudishia sare. Tulikuwa tumetoka mashindanoni Molo, nilikuwa wa mwisho mbele ya shule zote, na jukwaa zima likanipigia makofi yale ya huruma ambayo ni afadhali hata wakuzomee. Nilikuambia mimi ni aibu ya timu. Ulikuwa unakamua. Hukuinuka. Uliniambia nikae kwenye ndoo iliyopinduliwa, ukaendelea kukamua, na ukanisimulia jambo ambalo Cherono ananiambia hukuwahi kumsimulia yeye.

"Tulikuwa tumetumwa nchi ya watu, kulinda amani," ulisema. "Jioni moja tukarudi kambini, tukahesabiwa. Bado mmoja. Mimi ndiye nilikuwa mbele hiyo siku, Chepkoech. Nilikuwa na mbio sana. Sikuangalia nyuma hata mara moja."

Nilikuuliza kama mlirudi.

"Tulirudi. Huu mguu niliuumiza tukirudi. Tulimpata, lakini tulikuwa tumechelewa."

Ukakamua mpaka ng'ombe akaanza kurusha miguu. Kisha ukanipa ile sare, hukuniambia niivae. Uliniambia tu niipeleke nyumbani ikafuliwe kwa sababu inanuka. Kesho yake nilikuwa kwenye mstari, na sikuacha tena mpaka nikamaliza shule.

Baada ya shule kila mtu alienda zake. Cherono mbio zilimpeleka mbali, akarudi, akaajiriwa polisi. Mimi nilikuja huku Naivasha kwenye mashamba ya maua, nikapata kazi packhouse, kule maua yanakofungashwa, ya kupanga waridi kulingana na urefu wa shina, na kwa kazi hiyo naitwa hodari, maana haihitaji kukimbia. Ulikuwa unanipigia simu kila Krismasi. Hukuniuliza nimepata nini wala nimeolewa na nani. Uliniuliza, "Umefika wapi?" Nami nilikujibu, "Bado niko njiani, Kocha," na sote wawili tukacheka, kila mwaka mzaha ule ule.

Mwaka huu, msimu wa maua ya Valentine ukiwa umeanza, aliyepiga alikuwa Chelagat, yule wa leso, ambaye sasa ni mwanamke mzima, mwalimu. "Dada, baba si mzima," alisema. "Halali. Jioni anataka asimamishwe pale kwa gate. Anakuulizia." Nilienda kwa supavaiza wangu kuomba ruhusa. Si mtu mbaya. Alisema, "Chepkoech, hii ni Valentine bana. Nikikuachilia wewe, kesho packhouse yote itakuwa na mgonjwa. Ngoja maua iishe, nikupatie ofu hata wiki mzima." Wenzangu waliniambia nitoroke, kazi ni kazi tu. Nilikuwa tayari kutoroka, Kocha. Nakuapia nguo zilikuwa kwenye mfuko.

Kisha ukaja wewe mwenyewe kwenye simu. Sauti yako ilikuwa nyembamba, nikadhani ni mtandao. "Kawia," ukasema. Hukuwahi kuniita hivyo hata siku moja. "Usiharibu kazi. Njoo polepole. Mimi niko."

Nikaamini. Nikautoa ule mfuko begani.

Hili sijamwambia mtu, na leo nitalisema wazi. Mtu mwingine yeyote angeambiwa vile na mgonjwa angejua kwamba mzee anamtuliza tu. Angepanda gari siku hiyo hiyo. Lakini mimi ulinilea wewe. Kila asubuhi ya ujana wangu nilichelewa, na kila asubuhi nilipoinua macho pale kwenye kona ya mwisho ulikuwa umesimama langoni, na chai haijaguswa. Mimi ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba utangoja. Wale wenye mbio walijua tangu zamani kwamba dunia haingoji mtu, ndiyo maana walikimbia. Nina hasira kidogo na wewe, Kocha. Ulitufundisha mengi na yote yalikuwa kweli, isipokuwa hilo moja.

Chelagat alipiga tena nikiwa nimeshika fungu la waridi jekundu. Nilijua kabla hajasema, kwa vile alivyoniita kwa jina, si dada. Safari hiyo supavaiza hakutaja Valentine. Alinivua glavu kwa mikono yake mwenyewe, akaniambia, "Pole, mathe. Enda."

Mvua ilinikuta kabla ya kufika Molo, na huko juu Keringet ile barabara ya kuja kwako ilikuwa imegeuka uji. Kijana wa bodaboda alinifikisha chini ya kilima, akajaribu, akateleza, akaniambia, "Sista, hapa sasa ni miguu." Ni kile kilima chetu, Kocha. Nilikipanda na viatu mkononi, matope hadi kwenye pindo la nguo, nalia kwa sauti kwa sababu hapakuwa na wa kunisikia. Nilipofika karibu na kanisa niliona mtu anashuka mbio, amevaa viatu vya gambuti na koti la polisi, mwili umenenepa lakini ile miguu ningeijua popote. Cherono. Hakuniambia pole. Hakunikumbatia. Alinipita, akageuka, akakaa nyuma yangu, na tukapanda hivyo hivyo mpaka juu, pumzi zake mgongoni mwangu, nzito kuliko zangu.

Lango lako lilikuwa wazi. Ng'ombe walikuwa wamefungwa kwa kamba ili wasitoke. Chelagat aliniambia kwamba jioni yako ya mwisho walitaka kulifunga kwa sababu ya mvua, ukawakataza. Uliwahesabu wote waliokuwepo, wanao na wajukuu, kwa kidole, ukasema, "Bado mmoja. Msifunge." Basi hawakufunga, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifunga hata baada ya wewe kwenda.

Jikoni nilikuta wasichana wote wa mstari wetu. Tumekuwa wanawake wazito, wenye watoto na miwani. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wanaitazama ile sufuria, imefunikwa sinia, jiwe juu yake. Waombolezaji wengine walikuwa wamekunywa chai ya kule kwenye hema tangu mchana. Hawa hawakunywa. Mama Chelagat alinishika uso kwa viganja vyake viwili, akanitazama kama anayehakikisha ni mimi, kisha akaenda akaliondoa jiwe. Akachota chai, akanipa kikombe mimi kwanza.

"Sasa mmefika," akasema. "Kunyweni."

Mama ni wa kushukuriwa, na ile chai niliinywa. Lakini nilipokuwa nimeshika kikombe, kidole changu kilianza chenyewe, kama chako kilivyokuwa kikifanya. Nilimhesabu Cherono, nikahesabu wale wa viti vya plastiki, nikamhesabu Chelagat pale mlangoni na mama yake kwenye sufuria, nikajihesabu mwenyewe. Nikarudia tena kutoka mwanzo. Nikainua macho, nikaona Cherono naye anahesabu, midomo yake inacheza. Tulitazamana.

Bado mmoja, Kocha. Na Cherono alikuwa na gambuti zake miguuni, tayari, ila hatukujua akufuate kwa barabara gani.

Lala salama, mzee wetu. Maua yameisha, nimepewa ile wiki yangu ya mapumziko, na sina mahali pa kwenda nayo.

Ni mimi msichana wako wa mwisho,
Kawia