Klachi ya lori jipya na goti la Mzee Bwambale

Jumamosi, Septemba 2012. Kasese.

Mvua imeanza saa tano asubuhi na sasa ni saa kumi. Milima imejifunika kabisa, utadhani hatujawahi kuwa na milima. Nimekaa mezani na fomu ya lori. Nina hasira, na ninayemkasirikia ni baba yangu, ambaye amekufa na hawezi kunijibu.

Nianze na fomu.

Wauzaji wa Kampala wanaitaka Jumatatu. Hapa kwetu mtu hununua lori lililokwisha kuzeekea Ulaya. Unalikuta yadi, unapiga tairi teke, unasali, unalichukua. Hakuna anayekuuliza unapenda injini gani. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuulizwa, na wiki nzima nimetembea na fomu hiyo kwenye mkoba kama msichana mwenye barua ya posa.

Mengi nimeshajibu. Injini ya nguvu za farasi mia nne na ishirini inatosha. Simenti tunayobeba ni nzito lakini hatushindani na mtu. Difu mbili, ili tairi zote za nyuma zisukume, bila mjadala, kwa sababu ukishavuka mpaka na kuelekea Beni, Kongo, lami inakwisha, na tope la huko halimheshimu mwenye difu moja. Uwiano wa difu nimechagua ule wa kupanda mlima na mzigo, hata kama kwenye tambarare ya mbugani tutapitwa na kila basi. Breki ya injini, ile kubwa. Nilianza kujiona fundi.

Ikabaki gia. Za mkono au otomatiki?

Nilikuwa nimeegemea otomatiki, kwa sababu ni kitu kipya na mimi napenda vitu vipya. Lakini jana nikaona kwanza nipande lori letu la zamani hadi Bwera, mpakani, nikaitazame milima kwa macho yangu. Aliyeendesha ni Mzee Bwambale.

Mzee Bwambale ni dereva wetu tangu nikiwa shule ya msingi. Baba alitoka Kenya kuja kuchimba shaba hapa. Mgodi ulipofungwa alikataa kurudi kwao mikono mitupu, akanunua lori na kumtafuta kijana wa Rukoki wa kuliendesha. Kijana huyo sasa ana mvi. Baba alipofariki miaka mitatu iliyopita aliniachia lori, wateja wa ng'ambo ya mpaka, na Mzee Bwambale. Bila huyo wa mwisho hao wengine wawili wasingenisaidia kitu.

Kasese nzima inajua kwamba Mzee Bwambale habadilishi gia kwa klachi. Anaisikiliza injini, sauti ikifika anapopataka anaipenyeza gia, nayo inaingia bila kukwaruza. Wenzake waliojaribu kumwiga wamevunja meno ya gia. Mimi nimemsifia hilo mbele ya wageni, tena mara nyingi, kama mtu anayesifia ng'ombe wake.

Jana tulipita Kisinga vizuri. Mbele kidogo, kwenye mwinuko, polisi walikuwa wamesimamisha magari, nasi tukasimama katikati ya mlima na mzigo wote. Tuliporuhusiwa kuondoka, gia za kusikiliza hazikusaidia, maana kuondoka lazima ukanyage klachi. Nikamwona anashika suruali juu ya goti la kushoto, anaunyanyua mguu kwa mkono, anauweka juu ya klachi na kulisukuma goti kwa kiganja.

Lori likarudi nyuma.

Si sana. Hatua moja, labda mbili, kisha breki zikashika. Lakini kwenye kioo niliona nyuma yetu pikipiki ya boda boda, mama amepakiwa na mtoto mgongoni, na dereva wake akiitupa pembeni kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Yule wa boda boda alituambia maneno ya Lhukonzo ambayo siyaandiki hapa.

Mzee Bwambale akajaribu tena, tukaondoka kuelekea Bwera. Njia nzima nilitazama mguu wake. Haukugusa klachi hata mara moja. Kumbe ule ufundi niliokuwa nikiusifia ulikuwa umegeuka kuwa maficho.

Mpakani, wakati karatasi zinagongwa mihuri, nilimuuliza fundi mmoja Mkongomani kuhusu otomatiki. Alinicheka kwa upole. "Mama, ile ikikufia mu njia ya Beni, utalala mu potopoto siku tano. Sisi huku tuko na marteau. Ordinateur ya kuiamusha, hakuna mutu iko nayo." Nyundo wanazo, kompyuta hawana.

Mzee Bwambale alikuwa amesimama hapo hapo, akasikia. Tukaenda kunywa chai. Nikamuuliza mguu una shida gani.

"Mugu iko sawa."

Akaikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Miaka tatu sasa," akasema. "Goti inakataa kusukuma. Gia naweza. Kutoka tu ndiyo inanishinda."

Nikamwambia basi nimeamua, ni otomatiki, haina klachi, ataendesha mpaka achoke mwenyewe. Nilijisikia mtu mwema sana nilipokuwa nikisema hivyo. Nilingoja anishukuru.

"Hapana. Umesikia ule fundi. Weye ni mutoto ya mzee, sikiliza. Usinunue gari ya mugu yangu. Nunua gari ya barabara."

Akamaliza chai, akainuka kwa kushika meza.

Sikulala vizuri. Leo asubuhi nikarudi kwenye fomu, nikiwa tayari kuandika gia za mkono, nikakuta chini yake mstari ambao wiki nzima nilikuwa nikiuruka: klachi, yenye servo au bila servo? Servo ni kile chombo cha upepo kinachousaidia mguu kusukuma klachi. Kikiwepo, unakanyaga kama unavyokanyaga zulia. Kisipokuwepo, mguu wako unafanya kazi yote.

Servo ya lori letu ilikufa zamani, baba akiwa hai na mwenye nguvu. Mzee Bwambale alikuja nyumbani kuomba inunuliwe nyingine. Tulikuwa mezani, tunakula, mimi bado mtoto. Baba akamkaribisha, akampa kiti, akasema, "Servo ya nini? Mguu wa Bwambale ni servo tosha."

Tulicheka wote. Bwambale naye alicheka, angefanyaje. Ikawa utani wa nyumbani. Mgeni akija anasimuliwa. Na Bwambale akaendelea kuisukuma klachi ile kwenye kila foleni ya forodha na kila tuta, siku zote hizo, mpaka goti likakataa.

Nimekuwa nikimlaumu baba tangu asubuhi, na ni haki yangu. Lakini miaka mitatu sasa lori ni langu. Nimelipaka rangi. Nimeshona vitambaa vipya vya viti, nimeandikisha aya ya Zaburi mbele ya kioo. Servo sikununua. Hata sikuikumbuka, na Mzee Bwambale hakurudia kuomba, kwa sababu alikwisha kuona ombi lake tulilifanya nini.

Basi nimejaza. Gia za mkono. Klachi yenye servo. Nimeandika NDIYO kwa herufi kubwa, na kalamu karibu itoboe karatasi.

Lakini servo haitamrudishia goti, na siku ikifa njiani kama ile ya kwanza, mguu wake hautaweza. Mlima ni ule ule, na Jumatatu lori la zamani lina mzigo wa kwenda Bwera. Nilijaribu kujiambia aendeshe tu mpaka jipya lije, mwezi mmoja au miwili, Mungu atatuhifadhi. Kisha nikamkumbuka yule mtoto mgongoni. Mzee Bwambale hawezi kukaa tena kwenye usukani. Nimemshusha mimi, tena kwa ushauri alionipa mwenyewe, na yeye alipokuwa akinishauri alijua anajishusha.

Alijua, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Kesho baada ya ibada nitakwenda kwake Rukoki. Si kwa simu, wala kwa kumtuma mtu. Nitamwomba tufuatane hospitali Kisinga goti litazamwe, gharama juu yangu. Nitamwomba anichagulie dereva na kumfundisha kusikiliza injini, na yeye asimame Bwera awapokee wateja, maana wanamwamini yeye kuliko mimi. Anaweza kukubali. Anaweza pia kunionyesha mlango.

Kinachonisumbua ni neno la kwanza. Nikianza na goti, nitakuwa nimekuja kumwachisha kazi. Nikianza na baba, nitakuwa nimekuja kumsingizia marehemu.

Labda nianze na ile siku ya mezani. Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimepanda kwenye lori pale uani, kwa kucheza tu, nikajaribu kuikanyaga klachi. Niliikanyaga kwa miguu yote miwili na haikushuka. Jioni baba alipotoa ule utani, nilikuwa najua, na nilicheka.