Chembe kwa Kiswahili

Jumatatu, 1 Septemba
Kipindi cha tatu, Kidato cha Pili B. Waliokuwepo 61, madawati 24. Mada: hali za maada. Nimeandika fasili ubaoni kwa Kiingereza, wakanakili, wakaisoma kwa sauti moja. Nikauliza chembe za yabisi zinafanya nini. Kimya. Nikarudia taratibu. Wakainamia madaftari.

Miezi minane najitolea kufundisha fizikia hapa sekondari ya Gerezani, na cheti changu cha kidato cha sita. Sijui kama yupo aliyejifunza kitu.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimefundisha kwa Kiswahili. Makusudi.

Niliwasimamisha wote mbele. Kwanza wamebanana, kila mtu anatikisika palepale alipo: yabisi. Kisha wanapishana bila kuachana: kimiminika. Juma, mtundu wa darasa, akasema hiyo ni Kariakoo wiki ya Idi. Gesi ikawatoa hadi koridoni. Mwalimu wa zamu akaja kufoka.

Zuhura amenishangaza. Anarudia kidato cha pili. Akifeli tena mtihani wa taifa, shule basi. Mama yake anakaanga samaki soko la Feri. Niliuliza kwa nini barafu inayoyeyuka haipandi joto hata ikipashwa moto.

"Ticha, ule moto kwanza unakwenda kuzilegeza chembe. Zikishalegea zote ndiyo maji yanaanza kupata joto. Kwenye deli la mama la kuwekea samaki, ikibaki barafu hata kipande, maji ni baridi vilevile."

Kitabu hakisemi vizuri hivyo.

Ijumaa, 19 Septemba
Jaribio la tatu. Majibu ya Kiswahili nimeyapa alama zote. Zuhura kumi kwa kumi, tena. Mkuu wa shule hajui.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mtihani wa majaribio ulisahihishwa shule jirani. Fizikia, Zuhura: sita kwa mia. Karatasi imejaa, mwandiko safi. Karibu kila jibu sahihi, karibu kila jibu kwa Kiswahili. Msahihishaji ameweka sifuri moja baada ya nyingine, hakuandika neno.

Nilimuuliza Zuhura kwa nini ameandika Kiswahili, na anajua mtihani ni wa Kiingereza.

"Si wewe mwenyewe unatupa vema, ticha?"

Kosa ni langu.

Jumatatu, 27 Oktoba
Wiki ya pili namkaririsha Zuhura sentensi za Kiingereza baada ya vipindi. Anazisema zote. Nikibadilisha swali kidogo, anatoa sentensi isiyohusika. Leo nimeuliza kuhusu barafu, akatoa fasili ya gesi. Alijua amekosea kabla sijasema. Juma alikuwa anafagia darasa. "Zuhura umeshakuwa mvuke." Hakuna aliyecheka, hata Juma mwenyewe.

Amechoka. Nimechoka.

Jumatano, 12 Novemba
Mtihani wa taifa wenyewe. Haturuhusiwi kukaribia chumba. Nikasubiri getini toka saa mbili.

Zuhura alitoka wa kwanza. "Mengi nimeacha wazi, ticha. Kwa Kiswahili nilikuwa nayo yote."

Nikamwambia aende akapumzike.

Jumatatu, 12 Januari
Matokeo. Zuhura amefeli.

Mchana mama yake alikuja, kanga bado ina harufu ya mafuta ya samaki. Shikamoo, marahaba, akakaa. Akatandaza mezani karatasi za majaribio yangu. Kumi, kumi, kumi.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Nataka uniambie tu. Huyu mtoto alikuwa anajua au hajui?"

"Anajua, mama."

"Anajua."

Akazikusanya moja moja, akazikunja, akaniaga kwa heshima. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 22 Januari
Kidato cha Pili kipya. Waliokuwepo 64. Mwaka huu hali za maada zimewekwa mwanzoni. Nimefundisha kwa Kiingereza.

Msichana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono. Akasimama, akatafuta maneno, akayakosa. Akauliza kama anaweza kusema kwa Kiswahili.

Nikamwambia hapana.

Akakaa.