Maji Yaliyopotea Mipakani

Mtaa wa Chini,
Alhamisi, tarehe 9 Aprili.

Mpendwa Kaka,

Kabla ya lolote, pokea salamu zangu. U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Wifi na mapacha je, hawajambo? Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyo ndiyo yaliyonikalisha niandike.

Kazi yangu unaijua. Huandika milinganyo ya mwendo wa maji kwa alama, kama tulivyoiandika ubaoni shuleni, na programu niliyoitunga huigeuza kuwa maelfu ya mistari ya maagizo, ili kompyuta sitini na nne ziyatekeleze kwa pamoja. Bonde letu hukatwa vipande. Kila kompyuta hupewa chake, na katika kila hatua huwauliza majirani zake maji yamefika wapi mpakani.

Kaka, nilitaka kasi. Niliondoa agizo la kusubiri jibu la jirani, basi kila kompyuta ikapiga hesabu kwa jibu lililokwisha kupitwa na wakati. Katika kila mpaka yalipotea maji kidogo, hivyo hesabuni hayakufika kwenye vizingiti vya milango yetu. Nikatia sahihi kwamba bwawa lililo juu ya bonde likifunguliwa, Mtaa wa Chini utabaki mkavu. Wiki moja baadaye ndipo nilipojumlisha maji yaliyoingia na yaliyotoka, nikaliona pengo.

Mkuu wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Agizo nimelirudisha, lakini sasa haziamini tena zile sitini na nne, anataka hesabu yote irudiwe kwa kompyuta moja tu, isiyo na jirani wa kumuuliza. Itamaliza Jumatatu. Mvua nayo haijakatika, na walinzi wa bwawa wanasema malango lazima yafunguliwe Jumamosi.

Ile karatasi niliyoitia sahihi mama alikuwa ameibandika mlangoni, na mtaa mzima ulikaa kwa kuiamini. Nilipomwambia nimekosea, alivua miwani.

"Uliyewaambia wakae ni wewe," alisema. "Utakayewaambia waondoke ni wewe. Mimi nitakushikia mwavuli."

Tukapita mlango kwa mlango, nyumba kumi na tisa. Kumi na nane wameondoka, na mama yuko nao katika madarasa ya shule iliyo juu kilimani. Fundi cherehani amebaki, yeye na watoto wake wanne.

"Binti msomi," aliniambia, mguu ungali kwenye cherehani, "juzi ulisema pakavu, leo unasema maji. Kesho utasema moto?" Akacheka mpaka akakohoa. Kila neno lake lilikuwa la haki. Kesho asubuhi narudi kwake tena.

Msalimie sana wifi, uwakumbatie mapacha kwa niaba yangu, na shangazi mwambie mama anamkumbuka. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake popote mlalapo.

Huenda Jumatatu kompyuta ikasema mtaa ungebaki mkavu, nami nitakuwa nimewalaza watu sakafuni bure. Watanicheka mpaka nizeeke. Basi niombee hilo, Kaka. Niombee nichekwe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata katika hofu,
Kitinda