Bibi wa Mnara wa Newala

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Biashara moto! Abiria wa lori la Masasi wamejaa kwenye chai yangu hapa chini ya mnara. Mmoja akauliza, huu mnara wa Mjerumani wa kazi gani? Kengele hauna, saa hauna, hata maji hauweki. Manyota tu na mapembe juu! Nikamwambia mle kazikwa mke wa Mjerumani, alikufa na mimba, ukimmwagia unga anakulindia mtoto tumboni. Wakameza hadithi, wakaagiza na chai ya pili. Uongo mtupu! Nimeutunga huku nakoroga sukari.

Alhamisi, 9 Agosti
Unga chini ya mnara. Wa nani tena? Kuku wanashiba bure.

Jumapili, 12 Agosti
Wanawake kibao, wametembea toka Tandahimba. Nikawaambia mama zangu, nilitania! Mmoja akanijibu nyamaza baba, tunajua Serikali imekukataza kusema. Jamani! Ila chai wamekunywa.

Ijumaa, 17 Agosti
Sasa yamefika kwangu. Mke wangu Bibiana ana mimba ya tatu, mbili za kwanza zilitoka. Muuguzi wa misheni, Mama Isabela, kasema miguu inavyovimba hivi asingoje uchungu hapa, aende hospitali Masasi akakae hukohuko. Bibiana hataki. Kumbe na yeye anamwaga unga kila asubuhi! Eti nikienda Masasi nani atanimwagia? Na unga wenyewe — wa maandazi yangu!

Jumatatu, 20 Agosti
Nimeapa kwa msalaba. Nimeapa kwa mama yangu mzazi. Bibi hayupo, nimemtunga mimi! Bibiana kacheka: “Wewe, tangu lini ukasema kweli?” Nikafoka. Akacheka zaidi — hata hasira zangu anaona mchezo. Mama mkwe naye, ee baba, usimkane bibi wa watu, utamdhuru mjukuu wangu.
Uso wa Bibiana umevimba, macho yamekuwa madogo.

Jumatano, 22 Agosti
Usiku kichwa kimemuuma, anaona vimulimuli machoni. Lori la Masasi, la Kasiani, linaondoka sasa hivi. Kusema kweli nimechoka! Nikamwambia Bibi wa mnara kanijia ndotoni, kasema mkeo aende Masasi leo, nitamfuata kulekule.
Hakucheka. Akafunga kanga, akabeba mkeka. Mguu mmoja keshaweka kwenye lori — akageuka.
“Alisema kwa lugha gani?”
“Kimakonde,” nikaropoka.
Akashusha mguu. “Mjerumani huyo Kimakonde kakijulia wapi?”
Sasa kakaa chini ya mnara, kakumbatia mkeka, kichwa kakishika. Anataka maneno yenyewe, kama yalivyotoka. Nimemwambia ngoja niyaandike kwanza nisikosee. Ndiyo haya naandika! Kasiani anapiga honi. Kijerumani mimi najua neno moja tu, alilojifunza marehemu baba alipokuwa askari wao, nalo ni tusi. Bibiana kasimama. Ananyoosha shingo aone nimeandika nini