Kila Jumamosi Namponda Redioni Mtu Ninayempenda

Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakunja uso, maana haya sijamwambia mtu yeyote, si ndugu si rafiki, na hata sasa nakuandikia nikiwa nimefunga mlango na kuzima redio, mimi ambaye redio ndiyo inayonilisha. Mimi ni mtangazaji wa mpira. Sauti yangu inajulikana kiasi kwamba nikiingia dukani nikaomba kiberiti watu wanageuka, na kuna muuza duka mmoja ambaye hanipi chenji yangu mpaka nimtangazie goli kwanza. Nimeyazoea hayo na sitakudanganya, nayapenda.

Sasa mshauri, mimi nina mpenzi, na mpenzi wangu ni mwanamume mwenzangu, na si mwanamume wa hivi hivi bali ni kipa wa timu kubwa, ile ambayo ikifungwa majirani hawasalimiani. Tulijuana kwa ugomvi. Nilisema hewani kwamba alichelewa kutoka golini, naye akaitafuta namba yangu akanipigia, hakufoka, akaniambia tu kwamba jua lilikuwa linampiga machoni na kama ningesimama upande wake ningejua. Nikaenda siku ya mazoezi nikasimama upande wake nikaona kweli, na mechi iliyofuata nikawaambia wasikilizaji kwamba nilikosea. Akanipigia tena kushukuru, na mazungumzo hayo ya pili hayakuwa ya mpira, yalikuwa ya kila kitu kingine, na tangu hapo tuko pamoja.

Hakuna anayejua. Siku timu inapopumzika huja kwangu, anavua viatu mlangoni, anafua glavu zake mwenyewe kwenye karai, taratibu kama anaogesha mtoto mchanga, kisha anazianika uani katikati ya mashati yangu, na mimi naenda kuzianua hata hazijakauka kwa sababu mama jirani ana macho. Huyo mama jirani tulimwambia kwamba ni binamu yangu. Akasema mbona hamfanani, mmoja mlingoti mwingine kigoda, na sasa kila akimwona anapita husema binamu mlingoti kaja, nasi tunaingia ndani tunacheka mpaka tunashikilia ukuta. Mshauri, siku hizo huwa nina furaha ambayo sikujua kama mtu mzima anaweza kuwa nayo.

Balaa lilianzia kazini. Siku moja mchambuzi ninayekaa naye kwenye kibanda cha matangazo aliniuliza mbele ya mafundi mitambo, wewe bwana kila wiki unamsifu huyu kipa, kwani amekutolea mahari? Wakacheka wote, nami nikacheka kuwashinda, lakini niliogopa. Nilimsimulia mwenzangu, akafikiri, akasema basi nipunguzie sifa, hata ukiniponda kidogo si neno, itatusaidia. Kidogo, mshauri, ndilo neno alilosema. Nikaanza na kidogo hicho, simu za wasikilizaji zikamiminika, mkuu wa vipindi akanipiga bega kwenye korido, nami nikanogewa. Kipa wa timu nyingine akikosea nasema bahati mbaya, wangu akikosea namvua nguo hadharani. Siku moja ya mvua mpira ulimponyoka, nikasema wapenzi wasikilizaji, leo huyu kaja na mikono ya sabuni. Neno likashika, likawa jina lake. Watoto wanamwitia njiani, na mashabiki wakaanza kuja uwanjani na vipande vya sabuni za kufulia, wanavirusha nyuma ya goli.

Mama yake mzazi ana redio jikoni, na ananisikiliza kila mechi ili apate wa kumlaani. Mwenzangu alitaka sana nimfahamu mama yake, hata kama ni kwa jina la rafiki tu, basi tukaenda, na kwa kuwa nikifungua mdomo atanitambua, tukakubaliana nijifanye sauti imekauka, nikawa nanong'ona na kuitikia kwa kichwa. Yule mama akanihurumia, akanichemshia maji ya tangawizi na limau, akaninywesha kikombe baada ya kikombe, na huku ananifunika shuka mabegani akawa ananieleza habari za mtangazaji mmoja anayemtesa mwanawe. Akaniuliza, "Hivi mtu kama yule, baba, hana mama?" Nikanong'ona kwamba lazima anaye. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni, siku hiyo alicheka, lakini njiani tukirudi alitembea mbele yangu.

Sasa mambo yamefika pabaya. Mechi iliyopita walipigiwa shuti la mbali, yeye akaruka upande wake sawasawa, ila mpira ukamgonga beki gotini, ukageuka, ukaingia upande mwingine. Niliona. Kibanda chetu kiko juu, goti lile niliona kama ninavyoiona karatasi hii, na kabla sijajijua nikasema, "Sabuni hiyo!" Nusu ya uwanja huwa inanisikiliza kwa simu masikioni, wakaidaka, vipande vikaanza kuruka, kimoja kikampiga shingoni. Kocha alipoulizwa kwa nini mechi ijayo anamweka benchi akajibu kwamba kila mtu anasikia yanayosemwa. Mkataba wake unaisha msimu huu, na viongozi wanasema hawawezi kumwongezea muda kipa ambaye amekuwa kichekesho.

Alikuja kwangu baada ya mechi ile, hakukaa. Akatoa kipande cha sabuni kwenye begi, akakiweka mezani.

"Uliliona goti la beki?"

Nikasema niliona.

"Basi," akasema, akachukua glavu zake za akiba kabatini, akaondoka. Simu zangu anapokea, lakini ananijibu kama anavyojibu waandishi wa habari, sina la kusema kwa sasa, nawashukuru. Nawashukuru, mshauri, kwa wingi, utafikiri nimempigia na kijiji kizima.

Nifanye nini? Nikisahihisha hewani baada ya muda wote huu, yule mchambuzi atasema si nilisema, na maneno ya namna ile kwetu huwa hayaishii kuwa maneno, na atakayeumizwa kwanza ni mwenzangu. Nikinyamaza, anapoteza kazi kwa kosa langu. Kuna wakati nafikiria nishike kipaza sauti niseme yote, kwamba nampenda, liwalo na liwe, kisha niache kazi. Nampenda kweli na sitaki kumpoteza. Nielekeze, na ukitaka kunigombeza nigombeze.

Ni mimi, mtangazaji

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, umeomba kugombezwa, basi kaa vizuri.

Nianze na pole, maana unastahili. Kumpenda mtu ambaye huwezi hata kuanika glavu zake zikakauka ni mzigo, na wewe umeubeba siku nyingi bila wa kukutua. Wapo watakaoniandikia kuuliza kwa nini nimekujibu. Nimekujibu kwa sababu umeniuliza, na mtu akiumia ameumia. Barua zao nitazisoma nikinywa chai.

Pole imetosha. Unaniambia uliogopa. Woga naufahamu, lakini woga humfanya mtu anyamaze, na wewe hukunyamaza. Ulinogewa, neno hilo umeliandika kwa mkono wako. Mwenzio alikupa shubiri ukachukua pima, ukaichukua kwa sababu simu zilikuwa zinaita na bosi alikuwa anakupiga bega. Tena usidhani nakugombeza peke yako. Ile ya mikono ya sabuni niliisikia jikoni kwangu, nikaenda nayo mpaka kwa jirani, tukacheka sote wawili. Leo nimesoma barua yako na kicheko kile kimenitokea puani.

Hili la kushika kipaza sauti ukasema yote, likome leo leo. Eti liwalo na liwe. Litakalokuwa litampata nani? Wewe utaacha kazi ujifungie ndani, na yeye atajificha wapi na sura ile inayojulikana na kila mtoto wa mtaani? Siri hiyo ni yenu wawili, na nusu yake si yako, kwa hiyo usiitoe kwa hasira wala kwa mapenzi, na hata kwa toba usiitoe. Siku akitaka isemwe ataisema mwenyewe, na asipotaka maisha yake yote, ni haki yake pia.

Lakini angalia ulivyojikoroga. Umechukua kusahihisha goli na kutangaza mapenzi ukavifunga kamba moja, ndiyo maana hutoki hapo ulipo. Goti la beki halikumchumbia mtu. Lilikuwepo uwanjani, uliliona, ukatangaza kana kwamba halikuwepo. Hata kipa huyo angekuwa mtu usiyemjua kwa sura wala kwa jina, ungepaswa kurudi ukasema ulikosea, na uliwahi kufanya hivyo kwa lile jua lako, wala hakuna aliyekuuliza habari za mahari.

Kwa hiyo Jumamosi, mwanzoni kabisa, watu wakiwa bado wanasikiliza, sema hivi: mechi iliyopita nilimlaumu kipa, sikusema kweli, mpira ulimgonga beki gotini na mimi niliona. Lile neno la sabuni nililianzisha mimi, nalifuta mimi, na wanaorusha waache, wataumiza mtu. Basi. Usimsifu, usilie, usitie madoido, na najua mdomo utakuwasha. Mchambuzi wako akianza na si nilisema, mwambie aangalie picha ya marudio, kisha muendelee na mechi. Ukweli ukiwa mfupi, watu hawana pa kuushikia.

Ukitoka hapo nenda kwa mkuu wa vipindi, uombe usitangaze tena mechi za timu hiyo. Ya moyoni huna haja ya kumwambia, sema umezitangaza mno na umechoka, na hilo si uongo. Mtu hachezeshi mechi ya ndugu yake akashika filimbi, na hatangazi mechi ya mpenzi wake. Ukimpenda unamsifu kupita kiasi, ukiogopa unamponda kupita kiasi, na umeshajaribu yote mawili tukaona. Hizo simu za wasikilizaji utazikosa, utazoea.

Halafu kuna yule mama aliyekunywesha tangawizi. Ya chumbani usimpelekee, hayo ni ya mwanawe kusema au kutosema. Ya redioni ni yako. Mwombe mwenzio ruhusa, akikubali nenda umwamkie kwa sauti yako yote, umwambie mimi ndiye yule, nimekuja kuomba radhi. Atakuchamba. Usimkatize, usijitetee, na usiondoke mpaka amalize, hata kama itachukua alasiri nzima.

Siwezi kukuahidi kwamba kocha atamrudisha golini. Maji yakimwagika hayazoleki, na viongozi wa timu wana masikio ya kusikia kejeli kuliko masahihisho. Sahihisha hata kama mkataba umeshakwenda na maji.

Sasa lile hasa ulilonitafutia, kwamba hutaki kumpoteza. Rudi kwenye barua yako, usome tena alichokuuliza. Hakuuliza kama unampenda, hilo nadhani analijua. Hakuuliza hata kwa nini ulimdhalilisha. Aliuliza kama uliliona goti. Mwanangu, ungekuwa hukuliona, angevuta kiti akakaa. Matusi alikuwa ameyavumilia msimu mzima kwa sababu alidhani unakuza makosa aliyoyafanya kweli, si kwamba unamzushia.

Kwa hiyo usiseme Jumamosi ili arudi, sema kwa sababu uliona. Acha siku zipite, kisha mpigie. Akikuambia hana la kusema kwa sasa, mwambie hakuna shida, ulitaka tu kujua shingo inaendeleaje. Kisha nyamaza. Najua kwenye redio ukimya ni kosa la kazi na mtu wa kazi yako hawezi kuuacha hata kidogo bila kuujaza. Safari hii uache. Usikate simu, usiseme kitu, mpaka aseme yeye.